Sura ya Sita: Swali Linalotangulia Pesa

Mwaka 1964 mbegu ya mahindi chotara iliyopewa jina H611 ilitoka Kitale. Watafiti walikuwa wamechanganya mahindi yaliyozoea baridi ya nyanda zetu za juu na mahindi mengine ya kutoka Ecuador, na Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanzishwa papo hapo Kitale mwaka 1956, ikaizalisha na kuiuza. Miaka kumi baadaye mbegu za jamii hiyo zilikuwa zimeingia hadi kwenye mashamba ya ekari mbili tatu ya Trans Nzoia na Bungoma. John Gerhart, aliyechunguza jinsi mahindi chotara yalivyoenea Magharibi mwa Kenya na kuchapisha utafiti wake mwaka 1975, alikuta mkulima mdogo wa huku ameyapokea kwa kasi ya kulinganishwa na ile ya mkulima wa Marekani mwenye matrekta.

Wengi hawakuijua mbegu hiyo kwa kusoma. Waliiona. Jirani alipanda, mahindi yake yakasimama, ghala likajaa, na msimu uliofuata aliyeko ng'ambo ya ua akaenda kwenye duka lile lile lililouza sukari na mafuta taa, akanunua pakiti yake.

Marekani kwenyewe kulikuwa na somo kama hilo. Wanasosholojia wawili, Bryce Ryan na Neal Gross, waliwahoji wakulima wa jumuiya mbili za jimbo la Iowa na kuchapisha matokeo mwaka 1943. Wengi wa wakulima wale walisikia habari za mahindi chotara kwa mara ya kwanza kutoka kwa wauzaji wa mbegu. Lakini walipoulizwa ni nani aliyewafanya waamue kupanda, walimtaja jirani. Mtu wa kwanza alileta habari, wa pili akaleta imani, na kati ya hao wawili miaka ilipita.

Nimeanza na mahindi kwa sababu swali la sura hii huulizwa kana kwamba limezaliwa na intaneti. Una ajira, na jioni una kitu chako cha pili unachokifanya peke yako: vifaranga, miche ya parachichi, programu ya kompyuta, sabuni, mafunzo ya hesabu. Ukanda huu umejaa watu wa namna hiyo, na wana sababu. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilipofungwa Webuye mwaka 2009, nyumba nyingi kutoka Misikhu hadi Bungoma mjini zilionja maana ya mshahara mmoja kukatika. Basi unacho kitu chako, kinakwenda polepole, na mtu anakushauri: fungua blogu, andika kila wiki, wateja watakuja. Je, ujitie kwenye kazi hiyo?

Msimamo wangu ni huu. Kuandika kunalipa pale ambapo mteja ana swali kabla ya kutoa pesa yake, na swali hilo unaulizwa wewe, tena na tena. Pasipo swali la namna hiyo, jioni zako zipeleke kwenye kazi yenyewe.

Kuna bidhaa za macho. Viti vilivyopangwa kando ya barabara pale Kanduyi, sare za shule zinazoning'inia mlangoni mwa fundi cherehani Kitale, asali ya Mlima Elgon kwenye chupa inayopitisha mwanga: mnunuzi anaona, anashika, anauliza ya mwisho ni ngapi. Mwenye bidhaa hizo anahitaji picha nzuri kwenye simu, namba ya till, na mtu wa bodaboda anayeaminika. Fundi wa viti akikaa usiku kuandika historia ya samani, ameiba saa kwenye randa yake mwenyewe. Namheshimu sana kiasi cha kutomshauri hivyo, na ninasikitika kuona warsha za vijana zikiwafundisha mafundi wote, bila kuchagua, kwamba asiyeandika mtandaoni hayupo sokoni. Yupo. Yuko Kanduyi, na viti vyake vinaonekana kutoka kwenye matatu.

Halafu kuna bidhaa za swali. Tuseme ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Chwele. Amenunua mashine ya kutotolesha mayai, ameiweka chumba cha nyuma, na kila baada ya siku 21 anapata vifaranga wa kienyeji walioboreshwa wa kuuza. Kazi yenyewe anaimudu. Anajua joto likae kwenye nyuzi 37 na nusu hivi, anajua kugeuza mayai kila siku na kuacha kuyagusa siku 3 za mwisho, anajua kuyamulika kwa tochi gizani siku ya 7 ili atoe yale yasiyo na uhai. Kinachommaliza ni simu.

"Mwalimu, wale vifaranga wamejikunyata pembeni, wanalia tu." Hiyo ni baridi, wasogezewe jiko au taa, na akiwaona wamekimbilia mbali na joto ajue limezidi. "Mwalimu, chanjo ya kwanza ni lini?" "Mwalimu, nikichanganya na kuku wangu wa zamani kuna ubaya?" Simu zinaingia akiwa darasani, zinaingia akisahihisha, zinaingia usiku. Kila jibu ni lile alilompa mtu mwingine jana. Ukimhesabia dakika 5 kwa kila mnunuzi, na wanunuzi 30 kwa mwezi, ni saa mbili na nusu za kusema maneno yale yale. Na wengi hawapigi mara moja.

Kati ya maswali hayo kuna moja ninalotaka tulitazame kwa karibu, kwa sababu ndilo linaloonyesha kitu cha kuandikwa kinafananaje. Mama amenunua vifaranga 20. Anakwenda agroveti mjini, anasimama kwenye foleni, anafika mbele. "Daktari, nataka dawa ya Newcastle ya vifaranga 20." Mwenye duka, ambaye huku huitwa daktari hata kama si daktari, anamwonyesha kichupa kidogo kilichokuwa kwenye friji: dozi 100. Ndogo kuliko hiyo mara nyingi hakuna. Mama anapiga hesabu kimoyomoyo. Dozi 80 atazimwaga? Chanjo ikishachanganywa na maji ina kama saa mbili tu za uhai, na joto linaiua hata kabla ya hapo. Anaamua kungoja hadi awe na kuku wengi zaidi. Kideri, ndio huo ugonjwa wa Newcastle, hakingoji. Kinaingia na upepo wa kiangazi, na asubuhi moja banda lote limelala.

Jibu la swali la mama huyo halipo kwenye kurasa zilizoandikwa Ulaya kwa mwenye kuku 10,000, wala kwenye karatasi ya maelezo inayokuja na kichupa. Lipo kichwani mwa mwalimu wetu, kwa sababu ameliishi. Linahitaji ukurasa mmoja. Zungukia majirani wenye kuku, mhesabu pamoja mfikishe 90 hivi. Chagueni asubuhi moja, kabla jua halijapanda. Mmoja aende mjini na chupa ya chai iliyotiwa barafu, arudi moja kwa moja bila kupitia kwa shangazi. Kama mnatumia njia ya maji ya kunywa, kuku wanyimwe maji saa moja au mbili kabla, ili wanywe kwa haraka, na maji yasiwe ya mfereji yenye dawa ya klorini. Kama ni ya tone la jicho, mmoja amshike kuku, mwingine adondoshe tone moja, wa tatu ahesabu. Kuku mgonjwa asichanjwe. Kinachobaki kitupwe, kisihifadhiwe kwa kesho. Gharama mgawane kwa idadi ya kuku. Fuateni maandishi ya kichupa kwa kila jambo lingine.

Mwalimu akishaandika ukurasa huo, kwa Kiswahili cha kawaida, na picha mbili za mikono ikifanya kazi, anautuma kwa kila anayenunua kifaranga. Simu zinapungua; hiyo ndiyo faida ya kwanza, na kwa mtu mwenye biashara ya peke yake faida hiyo peke yake inatosha kuhalalisha jioni mbili za kuandika. Faida ya pili ni kubwa zaidi. Maelekezo yale yanamlazimisha mteja kuwakusanya majirani. Watu sita wenye kuku wanasimama kwenye ua mmoja asubuhi, wanawaona vifaranga 20 wa mama wakiwa na afya, wanauliza wametoka wapi. Kile ambacho Ryan na Gross walikikuta Iowa, kwamba habari hutoka kwa muuzaji na imani hutoka kwa jirani, hapa kimetokea kwa pamoja, na kilichowaleta majirani uani ni karatasi ya mwalimu.

Kwa hiyo ninatofautiana na wanaopima maandishi kwa idadi ya waliofungua ukurasa. Ukurasa wa chanjo ukisomwa na watu 60 tu, wote wakiwa na kuku kati ya Chwele, Kimilili na Kapsokwony, umefanya kazi kuliko makala ya "Jinsi ya kutajirika kwa kuku" iliyosomwa na maelfu walioko Mombasa na Dubai ambao hawatapanda matatu kuja kuchukua kifaranga.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo wengi hulikosea: msomaji na mnunuzi ni mtu mmoja, au ni watu wawili tofauti? Tazama historia yetu wenyewe ya kuandika mtandaoni. Ory Okolloh alikuwa akiandika blogu ya Kenyan Pundit kwa miaka kadhaa kuhusu siasa za Kenya. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipozuka mwishoni mwa 2007, siku ambazo watu waliofurushwa walikuwa wakilala kwenye uwanja wa maonyesho wa Kitale, aliandika mwanzoni mwa Januari 2008 akiuliza kama kuna mafundi wa kompyuta wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali vurugu zinapotokea. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, ambao nao walikuwa na kurasa zao na waliokuwa wakisomana, waliitika. Katika siku chache ramani hiyo, iliyoitwa Ushahidi, ikawa hewani, na programu hiyo baadaye ikatumika katika mitetemeko ya ardhi na chaguzi za nchi nyingi.

Hadithi hiyo hutolewa mara nyingi kama ushahidi kwamba kuandika kunajenga miradi. Ni kweli, lakini iangalie vizuri. Wasomaji wale hawakuwa wanunuzi, walikuwa wajenzi. Miaka ya kuandika ilimletea Okolloh watu wenye ujuzi waliomwamini kabla hawajamwona. Kama mradi wako unahitaji mikono, mshirika, mfadhili au mwajiri, kuandika kuhusu unavyofikiri na unavyotengeneza ni njia nzuri kuliko nyingi ninazozijua.

Magunga Williams ni mfano wa upande mwingine. Alijipatia wasomaji kwa hadithi na insha zake, kisha akafungua duka la vitabu la mtandaoni. Anayependa kusoma hadithi ndiye anayenunua vitabu, kwa hiyo kila alichokiandika kilikuwa mlangoni mwa duka hata kabla duka halijafunguliwa. Na kuna njia ya tatu, ya Muhidin Issa Michuzi. Septemba 2005, akiwa mpigapicha wa gazeti la Daily News na akiwa safarini Helsinki, alianzisha blogu kwa kushikwa mkono na Ndesanjo Macha, mmoja wa waanzilishi wa kuandika blogu kwa Kiswahili. Picha za misiba, harusi, mechi na mikutano ziliwafikia Watanzania walioko ughaibuni kila siku, na shughuli ile ya pembeni ikageuka kuwa chombo cha habari chenye jina. Michuzi hakutangaza bidhaa. Blogu ndiyo iliyokuwa bidhaa. Anayetaka njia hiyo ajue kwamba ameacha biashara yake ya vifaranga na kuingia katika uandishi wa habari, kazi yenye jasho lake na sheria zake. Tanzania ilipotunga kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, ada za mwanzo kwa mwenye blogu zilipita shilingi milioni 2 za huko, na wengi waliokuwa wakiandika kwa mapenzi walinyamaza. Kenya nayo, tangu Julai 2023, hukata kodi ya asilimia 5 kwenye malipo ya maudhui ya kidijitali. Sipendekezi mtu wa Kitale mwenye kazi ya mchana atumainie pesa za matangazo ya ukurasani. Ni ndogo, huja polepole, na humvuta mwandishi kwenye vichwa vya habari vya kupiga kelele.

Kijana anayetengeneza programu ya kompyuta ndiye anayenipa taabu zaidi kumshauri. Tuseme yuko Kitale, ameajiriwa kwenye ofisi, na usiku anaandika programu ya kuwasaidia makarani wa vyama vya ushirika vya maziwa kurekodi kilo za kila mkulima na kupiga hesabu ya malipo ya mwisho wa mwezi. Wanunuzi wake wanaowezekana ni wachache: makatibu na mameneja wa vyama, kuanzia Cherangany hadi Bungoma, watu anaoweza kuwaandika majina kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Kwa watu wachache namna hiyo usiandike hadharani. Vaa viatu. Nenda siku ya malipo, wakati foleni ya wakulima imezunguka jengo na karani anafuta na kuandika upya, uiweke programu mezani pake hapo hapo. Chama kimoja kikiridhika, mwenyekiti wake atawaeleza wenzake kwenye mkutano, kama mahindi yalivyovuka ua.

Lakini kijana huyo huyo ana wasomaji wengine asiowafikiria. Akiandika, kwa Kiingereza kama ndicho anachokimudu, jinsi alivyofanya programu yake ifanye kazi mtandao unapokatika na kisha ijilinganishe ukirudi, atasomwa na watengenezaji wa programu wa Nairobi, Kampala na kwingineko wenye tatizo hilo hilo. Hawatanunua programu ya maziwa. Wanaweza kumpa kazi. Aamue mapema anataka lipi, maana makala ya kumpendeza fundi mwenzake humchosha katibu wa chama, na ile ya katibu haina la kumfundisha fundi. Nimewaona vijana wenye vipaji wakiandika mwaka mzima kwa ajili ya mafundi wenzao, kisha wakavunjika moyo kwa sababu hakuna chama kilichonunua.

Tuje kwenye saa. Mtu mwenye kitu cha pili hana mtaji mwingine unaozidi jioni zake, na kuandika vizuri kunakula jioni. Ushauri wa kuandika kila wiki uliandikwa kwa watu wanaolipwa kuandika. Mwalimu wa vifaranga hahitaji makala 52. Anahitaji nne au tano: joto la siku za kwanza, ratiba ya chanjo, lile la vichupa vya dozi 100, chakula cha kuchanganya mwenyewe pale bei inapopanda, na pengine moja kuhusu kutofautisha jogoo na tembe mapema. Akimaliza hizo anyamaze hadi aulizwe kitu kipya.

Na aziandike kabla ya wakati wake. Huku maisha yanafuata mvua. Januari ni ya karo, hakuna anayenunua kitu. Februari watu wanalima, Machi wanatazama mawingu, na mvua ikishika mwishoni mwa Machi au Aprili kila mtu yuko shambani. Oktoba hadi Desemba mahindi yanavunwa, pesa inaonekana, na ndipo mtu anapofikiria kujenga banda. Makala ya banda itoke Septemba. Ya mbolea ya kupandia itoke Februari. Mwaka 2017, viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya kupitia upande huu wa magharibi, wakulima walifika kwenye maagroveti wakiwa na majani yaliyotobolewa mfukoni na picha kwenye simu. Wiki zile jibu fupi na sahihi lilikuwa na thamani ya pekee: tazama mayai yaliyorundikwa chini ya jani, yaponde, kiwavi amejificha kwenye kitovu cha mhindi, kwa hiyo dawa ielekezwe humo, asubuhi mapema au jioni, si saa saba mchana. Aliyekuwa na jibu hilo wiki hiyo alisikilizwa. Aliyelileta Agosti, wakati mahindi yamekwisha kubeba, alikuwa amechelewa hata kama alipanga maneno kwa ustadi zaidi.

Su Kahumbu aliliona hilo mapema. Huduma yake ya iCow, iliyoshinda shindano la Apps4Africa mwaka 2010, ilimtumia mfugaji ujumbe mfupi wa simu kwa kufuata kalenda ya ng'ombe wake: lini amwangalie kwa joto, lini aache kumkamua kabla ya kuzaa, lini amtarajie ndama. Maneno yalikuwa machache na yalifika hata kwenye simu ya kabambe isiyo na intaneti, siku yalipohitajika. Ninapomshauri mtu mahali pa kuweka maandishi yake huwa namkumbusha mfano huo kabla hajanunua jina la tovuti. Wateja wako wanashika simu gani? Bando yao hudumu hadi tarehe ngapi? Wanasoma, au wanasikiliza?

Wengi wanasikiliza. Bungoma ina West FM, na Sulwe FM hutangaza kwa Kibukusu; bibi mwenye kuku asiyefungua ukurasa wowote wa intaneti huiwasha redio akipika. Hilo halifuti kazi ya kuandika. Ukurasa wa chanjo uliokwisha kupangwa vizuri unaweza kusomwa kwa sauti na kutumwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti wa dakika 3, kwa Kiswahili na kwa Kibukusu. Mtangazaji wa kipindi cha kilimo akikualika, hutababaika, kwa kuwa fikra zako umeshazipanga. Unaweza kuuchapisha na kuubandika kwenye boksi la vifaranga. Andiko likae mahali pamoja panapokuwa pako, hata kama ni ukurasa mmoja usio na mapambo, kwa sababu akaunti za mitandao ya kijamii hufungwa na makundi huvunjika. Siku hizi pia mtu akiuliza Google hupata jibu juu kabisa bila kufungua ukurasa wa mtu yeyote, na mengine huyauliza mashine za kuzungumza. Maswali ya jumla yamekwisha kuchukuliwa. Lililobaki mikononi mwako ni lile la kichupa cha dozi 100 Chwele, ambalo mashine hailijui mpaka mtu wa Chwele aliandike.

Na unapokusanya namba za wateja ili uwatumie maandishi, waombe ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata kama duka lako ni chumba cha nyuma, na zaidi ya sheria, mtu aliyekupa namba yake kwa ajili ya vifaranga hakukupa ruhusa ya kuamshwa na matangazo saa kumi na moja alfajiri.

Utajuaje kama umeamua vyema? Kabla ya kuandika neno lolote, weka daftari la shilingi ishirini kando ya simu na uandike kila swali unaloulizwa kwa mwezi mmoja, kwa maneno ya muulizaji, bila kuyarekebisha. Maswali yakijirudia, hayo ndiyo makala zako, na maneno ya muulizaji ndiyo vichwa vyake: "vifaranga wamejikunyata wanalia" ni kichwa kizuri kuliko "Usimamizi wa Joto katika Ulezi wa Vifaranga", maana hivyo ndivyo mtu mwenye wasiwasi anavyotafuta. Daftari likibaki tupu, au likijaa "ya mwisho ni ngapi", umejibiwa. Rudi kwenye randa.

Ukishaandika, muulize kila anayenunua, "Umenijuaje?", uliandike jibu lake kwenye daftari hilo hilo. Toa muda wa msimu mmoja kamili, wa kupanda hadi kuvuna, maana mwezi mmoja hauonyeshi kitu katika nchi ya mvua moja kubwa. Mwishoni hesabu mambo mawili: wangapi walifika kwa sababu ya maandishi, au kwa jirani aliyetumiwa maandishi, na simu za maswali zimepungua kiasi gani. Kama simu zimepungua na wateja hawajaongezeka, zihifadhi makala zako, uendelee kuzituma kwa wanunuzi, usiandike nyingine. Kama wateja wanafika kutoka Kiminini na Kamukuywa wakitaja ukurasa fulani, uboreshe huo kwanza kabla ya kuanza mpya: ongeza picha, sahihisha kilichobadilika, weka bei ya mwaka huu. Na kama hakuna hata moja lililosogea, funga, na Februari ikifika chukua vifaranga 10 uwapeleke kwa mtu anayepitiwa na wengi, karibu na kisima au njia ya soko, uwachanje wewe mwenyewe, umwachie awalee palipo wazi.